Dereva Aliyepitia Jando Mapema

Juzi kijana mmoja wa mtaani kwetu hapa Utemini alinijia na juisi ya chupa na tabasamu pana. Nikajua ana shida. Kijana wa siku hizi hamletei bibi kizee juisi bure.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Sema unachotaka."

Akazunguka weee, mara afya yangu, mara mvua zimechelewa, mwishowe akasema. Ana miaka kumi na saba, wenzake wanaendesha magari ya baba zao, na amesikia kwamba mimi nilifundisha udereva hapa Singida na nawajua watu. Nimsaidie apate leseni sasa hivi, hiyo kumi na nane itamkuta mbele kwa mbele. Juisi nikainywa, maana nilikuwa na kiu. Leseni nikamwambia aisubiri. Akaondoka amevuta mdomo, na nina hakika huko aliko ananisema.

Basi, wajukuu zangu, nimeona heri niwaambie wote kwa pamoja, mnune mara moja tuyamalize.

Waliopita mikononi mwangu waliniita Mama Klachi. Jina lenyewe lilitokana na kelele zangu. Mtu akiwasha gari tu, mimi nimeshaanza: "Klachi, mama! Klachi, baba! Taratibu, si unga huo unausaga!" Mpaka leo nikipita sokoni kuna wanaume wenye mvi wananiita hivyo, na naitika.

Udereva niliujulia jeshini, JKT. Walipouliza nani anataka jikoni na nani anataka gereji, nikakimbilia gereji, kwa sababu kupika nilikuwa nimepika tangu nikiwa mtoto. Afande aliyenifundisha alikuwa mfupi, mkali, na hakuwa na haraka ya kunipa usukani. Siku za mwanzo alinitoa nyuma ya lori akaniambia, "Sukuma."

"Afande, lina mafuta. Linawaka."

"Nimekuuliza kama linawaka? Sukuma, ujue ni kitu gani unakwenda kukibeba kwa mguu mmoja."

Nilisukuma mpaka jasho likaniingia machoni, na lile lori lilinitazama tu. Nilimchukia afande kwa moyo wangu wote. Baadaye nilipokuwa mwalimu, kila mwanafunzi wangu alianza kwa kusukuma, na najua walinichukia pia. Sawa tu.

Baada ya jeshi niliendesha malori ya shirika la umma lililokuwa linasambaza sabuni, sukari na khanga vijijini. Mtacheka, lakini lori langu likiingia Sepuka na sabuni, akina mama walikuwa wanapiga vigelegele kama bibi harusi ndiye anayeshuka. Halafu ikaja enzi ya ruksa. Kila mwenye uwezo akaruhusiwa kuleta bidhaa zake, maduka yakajaa vitu, na shirika letu likawa halina kazi, nasi tukapunguzwa. Nililia, siwafichi. Nilikuwa mama wa watoto wadogo na kitu pekee nilichokijua ni kuendesha lori ambalo halipo.

Lakini ruksa hiyohiyo ndiyo iliyonipa kazi nyingine. Kabla yake gari lilikuwa la serikali, la misheni au la ushirika, na dereva alikuwa mtu mzima mwenye kofia. Sasa mkulima wa vitunguu anauza ng'ombe, anakwenda Dar es Salaam, anarudi na pikapu ya Kijapani iliyokwisha kutumika. Dereva wa kukodi anaiacha uani, anapanda basi anarudi kwao. Gari limefika nyumbani kabla ya dereva! Baba hajawahi kushika usukani, mama ndiyo usiseme, na aliyesoma alama za barabarani darasani ni mtoto. Kwa hiyo mfanyabiashara mmoja mjini akafungua shule ya udereva, akanunua Land Rover kuukuu ambayo mlango wake wa kushoto ulifungwa kwa mpira wa tairi, akaniita mimi. Wanafunzi waliokuja wengi walikuwa rika lenu ninyi.

Tulijifunzia uwandani, kando ya ziwa Kindai, mbali na watu. Na hapo ndipo nilipokutana na ugonjwa ambao afande hakuwahi kuniambia. Watoto wetu walikuwa wamelima na ng'ombe tangu utotoni. Mwenye plau akitaka ng'ombe wasimame, anaegemea nyuma, anavuta mishikio kifuani na kupaza sauti, "Hoooo!" Basi namwambia mtoto asimamishe gari, naye anaegemea nyuma, anavuta usukani kifuani kwa nguvu zake zote, "Hooo!", na gari linazidi kwenda. Mmoja alituingiza kwenye ua wa minyaa wa watu huku bado anaita. Mwenye ua akatoka, akatutazama tulivyopakwa utomvu mweupe, akauliza, "Mwalimu, huyu anaendesha au anapalilia?" Ikabidi nitunge dawa. Mwanafunzi wa aina hiyo nilimfundisha kusimama kabla ya kumfundisha kwenda. Breki kwanza, kutwa nzima, mpaka mguu usahau plau.

Ila hao hao walikuwa na maarifa ambayo watoto wa mjini hawakuwa nayo. Walijua kwamba mbuzi akishavuka anaweza kurudi, kwa hiyo usimwamini. Kondoo mmoja akivuka wote watavuka, kwa hiyo ngoja. Punda akisimama katikati ya barabara amesimama, honi yako anaisikia na hana habari nayo. Yashikeni hayo. Siku hizi mnapiga honi kwa kila kiumbe, mnaligawa kundi katikati na mchungaji anawalaani, na ana haki.

Nilikuwa na kiberiti changu pia. Kwenye kilima nilikiweka chini, nyuma ya tairi, nikamwambia mwanafunzi abalansi klachi na aondoke. Gari likirudi nyuma kidogo tu, kiberiti kimesagika. Kuna msichana wa Mtinko aliyenimalizia viberiti vyote dukani, akawa anakuja na vya kwao ananikabidhi kabla ya somo. Alipofaulu alinikumbatia mbele ya trafiki.

Sasa tuje kwenye umri, ndilo jambo lenyewe. Sheria ilikuwa kama ya leo: gari ni miaka kumi na nane, hakuna kumi na saba na nusu. Lakini vijijini kwetu miaka hiyo, nani alikuwa na cheti cha kuzaliwa? Kwetu Wanyaturu mvulana alihesabiwa kwa jando. Baada ya mavuno, baridi inapoingia, wavulana wanatahiriwa pamoja, na tangu siku hiyo hao ni rika moja. Ukiuliza mtoto fulani ana miaka mingapi, wazee wanakujibu, "Huyu? Huyu ni rika la fulani." Mjumbe anaandika, ofisi inapokea, na hakuna aliyesema uongo.

Ndivyo nilivyomkubali Musa, mwana wa Mzee Njiku wa Mtinko. Wazee walisema ni rika la Selemani, kaka yake, na Selemani alikuwa mtu mzima kabisa, ameshakwenda Mererani kutafuta madini. Mzee Njiku alikuwa amenunua pikapu. Alitaka kubeba vitunguu vyake mwenyewe hadi Shinyanga, kwa sababu madereva wa kukodi, alisema, wanabeba abiria wa njiani na kunyonya mafuta. Alitaka dereva wa nyumbani. Na njia ya Shinyanga mnaijua, inateremka mlima Sekenke. Siku hizo Sekenke ilikuwa changarawe na kona juu ya kona, na bondeni kulikuwa na mabati ya magari ambayo hakuna aliyejisumbua kuyaondoa. Mimi mwenyewe nilikuwa nikifika pale juu nanyamaza, redio nazima.

Musa alikuwa mwanafunzi wa kupendeza. Alikuwa na adabu na akili nyepesi, na alama zote alizishika. Alikuwa mdogo wa umbo, anakalia gunia lililokunjwa ili aone mbele, lakini watu wafupi wapo, nami siwezi kumnyima mtu leseni kwa ufupi. Nilipomwambia asukume Land Rover alisukuma mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, wala hakulalamika. Nikaona kijana jasiri. Kumbe.

Mtihani ulikuwa umekaribia. Siku hiyo tumepumzika kando ya ziwa, tunakula mihogo ya kuchemsha, nikamtania. "Musa, jandoni ulilia?"

Akatabasamu. "Sikulia, mwalimu. Wakubwa walilia, mimi sikulia. Baba alinipa mtamba."

"Wakubwa gani? Si ni rika lako hao?"

"Ni rika langu, lakini mimi niliunganishwa na kaka, ili nyumbani ifanyike sherehe moja. Nakumbuka nilitaka kuuma meno kama walivyonifundisha, nikashindwa. Ya mbele yalikuwa yameng'oka."

Nikauweka muhogo chini. Meno ya mbele! Mtoto aliyeng'oka meno ya mbele ndiyo kwanza anaanza darasa la kwanza. Rika la Selemani lilitahiriwa miaka minane nyuma. Nikahesabu kwa vidole, nikarudia. Huyu aliyekaa mbele yangu, ambaye msimu huohuo angeteremka Sekenke na shehena ya vitunguu mgongoni, hakuwa amefika hata miaka kumi na sita.

"Musa, baba yako anajua?"

"Anajua nini, mwalimu?" Akaniuliza kwa dhati kabisa. Kwake yeye umri wake ulikuwa ule wa rika.

Usingizi ulipotea. Nikinyamaza, atafaulu, maana uwandani alikuwa anaendesha vizuri kuliko watu wazima. Nikimwambia mkaguzi wa trafiki anayewatahini, Mzee Njiku ataonekana mwongo mbele ya watu, na wazee waliomtolea ushahidi pia, ilhali hakuna aliyedanganya. Nikaona bora niende mwenyewe Mtinko nikazungumze na baba mtu.

Njiani nilijitungia hotuba nzuri. Nitamwambia Mzee Njiku, wewe ni mfugaji, je, dume changa unalifunga nira na kulitia shambani siku hiyohiyo? Niliipenda sana hotuba ile, nikairudia peke yangu garini kwa sauti.

Nikafika, nikamwamkia, nikapewa kigoda na maziwa ya mgando. Nikaanza. "Mzee wangu, wewe ni mfugaji. Hivi dume changa..."

"Mwalimu," akanikatiza, "ng'ombe niachie mimi. Wewe sema gari."

Haya! Hotuba yote ikaishia hapo. Nikabaki na kibuyu mkononi, nikasema ukweli ulivyo. Nikamwambia nimesikia habari ya meno. Nikamwambia sheria inataka nini, na kwamba sikuja kumwaibisha.

Mzee alichokoa ardhi kwa fimbo. Kisha akasema, si kwa hasira, "Mwalimu, mtoto aliyekuwa mdogo kuliko wote akaacha wakubwa wanalia yeye ametulia, huyo ni mwanamume. Mimi nilikuwepo, wewe hukuwepo. Muulize mwenyewe kama anaogopa."

Musa alikuwa amesimama karibu na ukuta. "Siogopi, baba," akasema haraka.

Nikamtazama yule mtoto. Niliona mikono yake ilivyokamata kaptula. Sikutaka kubishana na baba mbele ya mwanawe. Nikasema, "Sawa. Basi pakieni vitunguu kwenye pikapu, vile vile vitakavyokwenda Shinyanga. Tutembee kidogo, hapa hapa shambani kwako. Barabarani hatutoki."

Wakapakia magunia mpaka springi zikalala. Musa akakaa kwenye usukani juu ya gunia lake, mimi katikati, breki ya mkono iko karibu na goti langu, na Mzee Njiku dirishani akiwa amevaa koti lake la kuendea mjini. Kulikuwa na njia iliyoshuka taratibu kuelekea korongo, halafu ikapanda upande wa pili. Niliichagua kwa sababu hiyo. Gari likishindwa kusimama, kilima kitalisimamisha.

Tulikwenda vizuri mpaka tulipoanza kuteremka. Mzigo ukaanza kutusukuma. Nikasema kwa upole, "Simama, Musa."

Akakanyaga breki. Gari likapunguza kidogo, likaendelea. Akakanyaga tena, halikusikia. Basi akafanya jambo ambalo sitalisahau. Akaachia kiti, akainuka, akasimama juu ya breki kwa miguu yote miwili, kichwa kimegonga paa, kidevu kimeangalia juu, na barabara haioni kabisa. Usukani akawa anauning'inia. Gari likaanza kulalia pembeni. Nikaushika usukani kwa mkono mmoja, wa pili nikavuta breki ya mkono, tukasimama chini kabisa, tairi la mbele limeingia kwenye mchanga wa korongo. Vitunguu vichache vikatupita vikibingirika.

Musa alikuwa bado amesimama juu ya breki. Nikamgusa bega. "Kaa, baba. Limesimama. Umelisimamisha."

Akakaa, na hapo ndipo alipoanza kulia. Alilia kwa kwikwi kama mtoto, kwa sababu alikuwa mtoto, na maneno yakamtoka yote kwa pamoja. Kila usiku anaota Sekenke. Anamwona mama yake anaita. Alikuwa anaomba Mungu afeli mtihani, lakini akishika usukani anaona aibu kufeli. "Naogopa, baba. Nilishindwa kukuambia. Mtu akishapita jando anasemaje anaogopa?"

Nilijifanya natafuta kitu chini ya miguu yangu. Hayo hayakuwa maneno yangu kuyasikia. Nilitegemea Mzee Njiku atafoka, au atatoka na kuondoka, na nilikuwa nimeshajiandaa kumtetea mtoto.

Mzee alikuwa anatazama mbele, kwenye mchanga. Alikohoa. Akavua kofia, akaiweka gotini.

"Musa," akasema, "hili gari lilipokuja, kabla sijakupeleka shule ya udereva, nililiwasha mwenyewe asubuhi moja mlipokuwa kisimani. Likanichukua mpaka zizini, likavunja boma, ng'ombe wakatawanyika. Wewe na mama yako niliwaambia ni fisi."

Musa akanyamaza kulia, akamwangalia.

"Hakuwa fisi," Mzee akaendelea. "Miguu yangu ilitetemeka siku nzima. Tangu hapo sijakaa pale ulipokaa. Mimi naogopa, mwanangu. Ndiyo maana nilitaka uendeshe wewe, kwa sababu wewe hukulia."

Wajukuu zangu, nimefundisha watu wengi, nimesikia wanaume wakijisifu kwenye magari mpaka masikio yamechoka. Mwanamume aliyesema neno lile mbele ya mwanawe, na mbele yangu mimi mwanamke, nilimsikia huyo mmoja tu.

"Sasa vitunguu, baba?" Musa akauliza.

"Vitapelekwa na madereva wa kukodi. Wanyonye hayo mafuta." Akafungua mlango. "Na leseni itakusubiri mpaka uwe mkubwa wa kukaa bila gunia. Shuka."

Musa akateremka upande wake, akazunguka mbele ya gari. Mzee akamsubiri. Sikuona kama walishikana mikono au la, lakini walianza kupanda ile njia kurudi nyumbani kwa miguu, bega kwa bega, mzee akipunguza hatua zake ili mtoto asibaki nyuma. Nikahamia kwenye usukani, nikalitoa gari mchangani, nikawafuata kwa gia ya kwanza na mzigo wote wa vitunguu. Hakuna hata mmoja wao aliyegeuka kutazama kama gari linakuja.